Schlitterbahn: Familia iliyofanya maji yapande mlima, na rekodi iliyowaponza

Wiki jana jamaa mmoja wa mtaa wetu, ambaye siku hizi yuko Qatar kwa kazi, alitupia klipu kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Mnara umesimama kando ya bahari, umejengwa ukifanana na mtambo wa kuchimba mafuta, na mabomba ya mitelezo yameuzunguka kama nyoka. Hiyo ni Meryal, bustani ya michezo ya maji iliyoko Lusail, pembeni mwa Doha. Mnara unaitwa Rig 1938 na una urefu wa mita 85. KICC yetu ni mita 105, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Mtelezo ulio juu zaidi unaanzia mita 76 hivi.

Swali la jamaa lilikuwa fupi: "Nani anaweza panda hii?" Grupu ikawaka. Kila mtu ghafla akawa komando. Mimi nikauliza ni nani huwa anakagua hizi vitu, nikaambiwa nimeleta uzee. Sawa. Sisemi mnara wa Qatar una shida yoyote. Ila akili yangu ilikuwa imeenda kwa mnara mwingine, wa Marekani, uliowahi kushika rekodi hiyo hiyo na leo haupo. Story yake ni ndefu, haitoshi kwenye grupu ambayo watu wanasoma mstari mmoja halafu wanatuma stika. Kwa hivyo nimeileta hapa.

Tuanze mbali kidogo, mahali ambapo mambo yalikuwa mazuri.

Kuna mji mdogo Texas unaitwa New Braunfels, katikati ya San Antonio na Austin. Ulianzishwa na wahamiaji Wajerumani mwaka 1845, ndiyo maana majina mengi ya huko yanakwaruza ulimi. Mto Comal unapita mjini humo. Ni mto mfupi sana, haufiki hata kilomita 6, na maji yake yanatoka kwenye chemchemi chini ya mawe yakiwa na joto la karibu nyuzi 22, kiangazi na baridi. Mwaka 1966 familia moja, Bob na Billye Henry na watoto wao watatu, ilinunua hoteli ndogo ya mapumziko kando ya mto huo. Biashara ilikuwa ya kawaida tu. Wageni wanalala, wanaogelea, wanaelea juu ya tyubu.

Mwaka 1979 familia hiyo ikafungua mitelezo 4. Waliijenga kwenye mnara ulioigwa kutoka kasri la Ujerumani, na maji waliyatoa mtoni moja kwa moja. Yanapandishwa kwa pampu, yanateremka na watu, yanarudi mtoni. Hakuna kidimbwi cha dawa, hakuna mbwembwe. Jina walilolipa, Schlitterbahn, kwa Kijerumani ni kama kusema njia ya utelezi. Hiyo sehemu ya kwanza ya bustani bado inatumia maji ya Comal.

Kati ya wale watoto watatu, aliyekuwa na mikono ya ufundi ni Jeff Henry. Jeff hakuwa injinia wa kusomea. Alikuwa wa kujaribu: jenga, panda mwenyewe, anguka, rekebisha, panda tena. Na hapa niseme wazi, mimi pia niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtu akitarajia niandike kwamba shida ilikuwa kukosa makaratasi atangoja sana. Msee alikuwa na kipaji, na kazi yake inaonekana mpaka leo kwenye bustani za nchi nyingi.

Mfano wa kwanza ni Boogie Bahn ya mwaka 1991. Mtaalamu wa mawimbi Tom Lochtefeld alikuwa amebuni namna ya kurusha maji mengi kwa kasi juu ya sakafu iliyoinama, yakawa wimbi ambalo haliendi popote. Unasimama na ubao wako, maji yanapita chini yako, wewe umebaki palepale. Schlitterbahn ndiyo iliyothubutu kuiweka mbele ya wateja. Leo ukiona video ya mtu anateleza juu ya wimbi lililosimama kwenye meli ya watalii, ujue ni ukoo huo.

Mfano wa pili ndio uliobadilisha biashara yote. Kabla ya hapo, mtelezo wowote wa maji ulikuwa na sheria moja: unapanda ngazi kwa jasho lako, halafu unashuka. Ukifika chini, imeisha, rudi kwa foleni. Jeff na wenzake wakafikiria kuweka midomo ya pampu kwenye sakafu ya mtelezo, inayofyatua maji kwa nguvu nyuma ya boti la mpira na kulisukuma juu ya kilima kama rola kosta. Dragon Blaster ilifunguliwa 1994, na Master Blaster, kubwa zaidi, ikafuata 1996. Wakaanza kuuza teknolojia hiyo dunia nzima. Wild Wadi ya Dubai, iliyofunguliwa 1999, ina mitelezo ya aina hiyo, na Wakenya waliofanya kazi Dubai au kupita huko likizo wanaijua hata kama hawajui ilitoka wapi. Kumbe ni kwa mzee fulani wa mto mdogo wa Texas.

Tangu 1998, tuzo za Golden Ticket, ambazo ni kama Oscar za bustani za burudani, zilianza kutolewa, na kila mwaka kwa miaka mingi zile za bustani bora ya maji zilienda New Braunfels. Familia ikatanuka. South Padre Island 2001. Galveston 2006. Halafu mwaka 2009 wakatoka nje ya Texas kwa mara ya kwanza na kufungua Kansas City, upande wa jimbo la Kansas. Huko mpango ulikuwa mkubwa, mahoteli na maduka na kila kitu, lakini uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka 2008 na kilichofunguliwa kilikuwa kidogo kuliko kilichochorwa. Bustani ya Kansas ilihitaji kitu cha kuvuta watu.

Sasa tunafika Novemba 2012. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyokuja kuandikwa baadaye, Jeff Henry alikuwa kwenye maonyesho ya biashara ya bustani za maji, na kulikuwa na watayarishaji wa kipindi cha Xtreme Waterparks cha runinga ya Travel Channel. Akiwa hapo hapo, akitaka kuwavutia, akaamua atajenga mtelezo mrefu kuliko wote duniani. Ndivyo Verrückt ilivyozaliwa. Neno lenyewe ni la Kijerumani, maana yake kichaa.

Rekodi wakati huo ilikuwa Brazil, na jina la mtelezo huo litakufurahisha: Kilimanjaro. Ulikuwa na mita 49.9. Verrückt ilipopimwa na Guinness mwaka 2014 ilikuwa na mita 51.4 hivi. Yaani mnara mzima, ngazi 264 na chuma chote kile, kwa ajili ya kumpita Kilimanjaro kwa mita moja na nusu.

Tofauti kubwa haikuwa urefu. Kilimanjaro ni mtelezo wa mtu mmoja, mgongo wako na maji, unashuka moja kwa moja na kusimama. Verrückt ilibeba watu watatu kwenye boti moja la mpira, mmoja nyuma ya mwingine. Mnashuka karibu wima kutoka juu kama ya ghorofa 17, halafu ile mbinu ya Jeff ya kusukuma kwa maji inawapandisha kilima cha pili, ndipo mnateremka tena. Kama ulisoma fizikia ya Form Three bado unakumbuka: kitu kikianguka mita 51 bila msuguano kinafika chini kikiwa na kasi ya kilomita 114 hivi kwa saa. Toa msuguano, bado unaingia kwenye kilima kwa kasi ya gari la Thika Road saa nane usiku. Boti likiwa jepesi mno au uzito ukikaa vibaya, linafanya kile gari linafanya likipita bampu kwa kasi. Linaruka.

Na liliruka. Walipojaribu na mifuko ya mchanga, boti ziliondoka njiani kwenye kilima. Sehemu ya mtelezo ikabomolewa na kujengwa upya. Ufunguzi ukaahirishwa mara kadhaa. Wavu ukatandazwa juu ya njia, umeshikiliwa na pete za chuma, ili boti likiruka watu wasitupwe nje. Fikiria hiyo kidogo. Suluhisho la boti kuruka lilikuwa kuweka chuma mahali ambapo boti linaweza kurukia.

Ikafunguliwa 10 Julai 2014. Watu watatu walipimwa kwenye mizani, na uzito wao kwa pamoja ulipaswa kuwa kati ya pauni 400 na 550, yaani kilo 181 hadi 249 hivi. Mwanzoni bustani ilikuwa imetangaza kwamba anayepanda lazima awe na miaka 14, lakini sharti hilo liliondolewa. Kukabaki sharti la kimo. Kilichowashikilia watu kwenye viti kilikuwa mikanda ya Velcro, ile ya kubandika na kubandua, kama ya viatu vya mtoto wa nasari.

Utauliza, serikali ilikuwa wapi? Hapo ndipo nilishangaa nilipoanza kusoma. Marekani ina shirika la kitaifa la usalama wa bidhaa, CPSC. Shirika hilo lina uwezo juu ya bembea zinazohamishwa, zile za maonyesho zinazokuja mjini na lori na kuondoka. Lakini tangu 1981 Bunge lao liliiondolea mamlaka juu ya zile zilizojengwa mahali pamoja. Kwa hivyo kibembea cha maonyesho kinaangaliwa na serikali ya kitaifa, na mnara wa mita 51 haugusiki. Mwanasiasa Ed Markey alipeleka miswada mara nyingi kubadilisha hilo, haikupita. Kazi ikaachiwa majimbo, na kila jimbo likafanya lake. Kansas wakati huo iliruhusu bustani kama hii ijikague yenyewe, na jimbo likabaki na kazi ya kuangalia rekodi.

Kwa lugha ya huku: ni kama mwenye matatu ajipatie stika ya ukaguzi mwenyewe, aiweke kwenye kioo, halafu NTSA ikija ionyeshwe faili. Tunalalamika sana kuhusu ukaguzi wetu na tuna sababu, lakini angalau gari unalipeleka kwa mtu mwingine.

Hati ya mashtaka inasema kwamba kabla ya siku ile mbaya, zaidi ya watu 10 walikuwa wameumia kwenye Verrückt, wengine vichwani, na mtelezo uliendelea kufanya kazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, 7 Agosti 2016. Bustani ilikuwa imewaalika wabunge wa jimbo na familia zao kuingia bure. Mmoja wao alikuwa Scott Schwab, na mtoto wake wa miaka 10 alipanda ngazi zile 264. Aliwekwa mbele. Nyuma yake wakakaa akina mama wawili ndugu, ambao hakuwajua. Uzito wa jumla ulikuwa ndani ya kiwango, kwa hivyo mizani ilisema sawa. Lakini mtoto alikuwa na kilo 34 hivi na ndiye aliyekuwa mbele. Kwenye kilima cha pili boti liliruka, likagonga pete ya chuma inayoshikilia wavu. Mtoto alifariki palepale. Wale wanawake waliumia usoni.

Nimeona watu kwenye comment za TikTok wakiandika kuhusu tukio hili kama sinema ya kutisha. Siongezi kitu hapo.

Kilichofuata kinaonyesha vizuri jinsi mambo huenda. Familia ilifikia makubaliano ya fidia ya karibu dola milioni 20, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa viwango vya wakati huo. Mwaka 2017 Kansas ikapitisha sheria mpya: ukaguzi wa kila mwaka ufanywe na mkaguzi mwenye sifa zinazotambulika, na ajali ziripotiwe. Scott Schwab alisimama mbele ya wabunge wenzake na kuwaomba waipitishe, na karibu wote walipiga kura ya ndiyo. Jimbo ambalo kwa miaka halikuona haja, liliiona haraka msiba ulipoingia kwa mmoja wao. Huo si ubaya wa Schwab, mzazi anafanya anachoweza. Lakini jiulize kama mtoto angekuwa wa dereva wa lori kutoka jimbo jirani.

Machi 2018 ikaja kesi. Jeff Henry, mbunifu mwenzake John Schooley, meneja wa shughuli za bustani na kampuni zenyewe walishtakiwa, na Jeff na Schooley walikabiliwa na shtaka zito la mauaji. Hati ilisema hakuna kati ya hao wabunifu wawili aliyekuwa na sifa za uhandisi. Halafu Februari 2019 jaji akatupa kesi yote. Sababu? Jopo la raia lililoidhinisha mashtaka lilikuwa limeonyeshwa ushahidi usiofaa, ikiwemo vipande vya kile kipindi cha Xtreme Waterparks, ambacho kilikuwa kimetiwa chumvi ili kivutie watazamaji. Yaani kipindi kilichofanya mnara ujengwe ndicho kilichosaidia kesi kuanguka. Ningeandika hiyo kwenye script ya filamu mngesema nimezidisha.

Kuna waliofika mbele ya mahakama na kesi yao ikasikizwa mpaka mwisho: mafundi wawili wa matengenezo, waliodaiwa kuwadanganya wachunguzi kuhusu breki za mtelezo. Oktoba 2018 walipatikana bila hatia. Kwa hivyo watu pekee waliokaa kizimbani siku zote za kesi ni wale wa spana.

Sasa, nimesoma maoni mengi yanayosema somo ni moja, kwamba usimwache mtu asiyesoma ajenge. Mimi sikubali, na si kwa sababu ya maisha yangu. Mtu yuleyule, bila digrii ileile, alijenga Master Blaster na watu wakaifurahia miaka yote hii. Tofauti naiona kwenye mambo mawili. New Braunfels ilikua polepole, mtelezo mmoja baada ya mwingine, kwa vimo ambavyo ukikosea unatoka na kiwiko kilichochubuka na unarudi kurekebisha. Njia ya jaribu-anguka-rekebisha inafanya kazi pale kuanguka hakuui. Kwa mita 51 huna jaribio la pili. Na jambo lingine ni kwamba Kansas, kila aliyekuwa karibu na mnara alikuwa na faida yake mnara ukisimama. Runinga ilipata kipindi. Guinness ilipima urefu, na kazi yake ni urefu, haipimi kama mtu atafika chini salama. Mji ulipata watalii. Sisi wengine tulipata klipu. Hapakuwa na mtu mmoja ambaye mshahara wake unatoka kwingine na ambaye angeweza kusema hii haifunguliwi. Injinia mwenye digrii tatu, akiwa ameajiriwa na bustani hiyo hiyo na ana tarehe ya runinga inamkimbiza, sijui kama angesimama imara zaidi. Wahandisi wenye mihuri wameidhinisha maghorofa hapa Nairobi ambayo tumeyachimbua kwa mikono.

Verrückt ilibomolewa Novemba 2018. Bustani ya Kansas City haikufunguliwa tena baada ya msimu huo. Mwaka 2019 familia ya Henry iliuza New Braunfels na Galveston kwa kampuni ya Cedar Fair kwa dola milioni 261, miaka 40 baada ya ile mitelezo 4 ya kwanza. Cedar Fair nayo iliungana na Six Flags Julai 2024, kwa hivyo leo mto mdogo wa Comal uko kwenye vitabu vya hesabu vya mojawapo ya makampuni makubwa zaidi ya burudani Marekani. New Braunfels bado iko wazi. CPSC bado haina mamlaka juu ya mitelezo iliyojengwa mahali pamoja.

Niliweka ufupisho wa haya yote kwenye grupu, mistari 6 hivi. Jamaa wa Qatar akasoma, akakaa kimya dakika kadhaa, halafu akaandika atamuuliza mmoja wa wale wanaofanya kazi pale Meryal ukaguzi huwa unafanywa na nani, na kila baada ya muda gani. Mwingine akauliza kama Kilimanjaro ya Brazil bado iko, na nauli ni pesa ngapi.